Kuna Kivu Nyingine Nyuma ya Pete za Zohali

Faili la kwanza nililolifungua nilidhani limeharibika. Lilikuwa mraba mweusi tii, na pembeni, upande wa kulia, kipande cha duara cha kijivu mfano wa ukucha. Hapa na pale palitapakaa vidoa vyeupe, kama filimu iliyoingia mchanga. Nikamwambia binti yangu, aliyeniletea ile flashi kutoka Bukavu anakosoma, kwamba aliyemnakilia amempa mabaki. Akasema, "Hapana, Papa. Ndivyo zilivyofika kutoka huko. Bado hazijaguswa na mtu."

Mtu wa kazi yangu akisikia neno hilo halali.

Nina kibanda cha mbao hapa Luvungi, kando ya barabara inayotoka Uvira kwenda Kamanyola na Bukavu. Juu ya bati kuna paneli mbili za sola. Ndani kuna betri ya lori, kompyuta kuukuu, printa, na ukutani shuka mbili, moja nyeupe na moja ya bluu, za kusimamishia watu wa foto pasi. Asubuhi nachaji simu. Mchana napiga wanafunzi, maharusi, watoto waliobatizwa, na wazee wanaotaka kuwaachia wajukuu sura. Nilianza na Yashica ya filimu, enzi ambazo roli zilipanda lori hadi Bukavu kusafishwa, na mteja akasubiri wiki mbili kuiona sura yake. Watu huniita Papa Foto, hata wale wasiojua jina nililopewa na baba.

Tarehe 15 Septemba 2017, nikiwa na simu kumi na moja kwenye chaja, redio ilitangaza kwamba chombo cha angani kiitwacho Cassini kimetumbukizwa kwa makusudi ndani ya Zohali, ile sayari yenye pete, kikaungua kama kimondo. Kilirushwa Oktoba 1997 na mashirika ya anga ya Marekani, Ulaya na Italia, kikasafiri karibu miaka saba, kikafika Zohali katikati ya 2004 na kuizunguka miaka kumi na mitatu. Mafuta yalipokaribia kwisha, wenyewe waliona heri kiteketee kuliko siku moja kije kuangukia mwezi wenye maji na kuuchafua kwa vijidudu vya kwetu. Hayo niliyasikia nusu nusu, maana mteja alikuwa anadai simu yake. Kilichonisimamisha ni idadi: picha zaidi ya 450,000. Maisha yangu yote ya kazi, harusi na mazishi na skuli zote za bonde hili, sijakaribia hapo. Nilimpigia binti yangu siku ile ile. Nilimwambia sitaki zile zilizopambwa za kwenye kalenda, nataka foto zenyewe, kama zilivyotoka kwenye kamera.

Ndiyo maana akaniletea ule ukucha wa kijivu.

Nikaanza kuisoma kamera ile kama fundi anavyomsoma fundi mwenzake. Kumbe zilikuwa mbili. Moja ina lenzi ya milimita 200, ya kuonea mandhari pana. Nyingine ina lenzi ya milimita 2,000. Lenzi yangu ndefu kuliko zote ni ya 300. Usiku wa kiangazi, nikiiegemeza juu ya gunia la mchanga na kuielekeza Zohali, napata punje moja ya mchele, ya manjano, iliyolala kiubavu. Ubavu huo ndio pete zenyewe. Zaidi ya hapo lenzi yangu haisemi kitu. Lakini kilichonishangaza zaidi ni ubao wa kunasia mwanga: pikseli 1024 kwa 1024, yaani milioni moja na ushei. Simu ya bei ndogo anayoniletea mwanafunzi kuchaji inazo milioni kumi na tatu. Tena kamera ya Cassini haikujua rangi. Kila picha iliyopiga ilikuwa nyeusi na nyeupe, kama za Yashica yangu ya mwanzo.

Kwa hiyo zile picha za rangi tunazoziona zinatoka wapi? Swali hili naulizwa na watoto wa skuli wanaopita kibandani wakirudi nyumbani, nami huwajibu kwa karatasi za peremende. Chukua karatasi nyekundu inayopitisha mwanga, iweke jichoni, utazame kitenge cha mama yako. Maua mekundu yatang'aa, majani ya kijani yatakuwa meusi. Chukua ya kijani, mambo yatageuka. Ndani ya kamera zile kulikuwa na magurudumu yenye vichujio vya namna hiyo, 24 kwa lenzi ndefu na 18 kwa lenzi pana. Chombo kilipiga picha moja kupitia chekundu, gurudumu likazunguka, kikapiga ya pili kupitia kijani, likazunguka tena, kikapiga ya tatu kupitia bluu. Picha tatu za kijivu zikatumwa duniani, kila moja imebeba theluthi ya ukweli. Anayezipokea ndiye anayezilaza moja juu ya nyingine hadi rangi izaliwe.

Kazi hiyo naifanya kwa programu ya bure iitwayo GIMP, ile ile ninayonyooshea foto pasi. Kinachotesa ni kulinganisha. Kati ya picha ya kwanza na ya tatu chombo kimesogea, na mwezi nao umesogea. Usipozirudisha picha mahali pamoja utapata mwezi wenye kingo tatu, nyekundu huku, bluu kule. Mara ya kwanza nilihangaika nao usiku mzima, nausogeza pikseli moja, naurudisha nusu, betri ikaanza kulia. Halafu ghafla kingo zikafungana. Mbele yangu palikuwa na Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali, wa rangi ya mawese yaliyoganda, na kuuzunguka utando mwembamba wa bluu, mwembamba kuliko uzi. Utando ule hakuna aliyenichorea. Ulikuwa umelala ndani ya zile picha tatu za kijivu, nami nilikuwa nimeutoa kwa mikono yangu, hapa Luvungi, saa nane za usiku.

Nieleze pia gharama, kwa sababu wengi hudhani ni mambo ya matajiri. Faili moja ghafi kwa kawaida lina uzito mdogo kuliko ujumbe wa sauti ambao watu hutumiana kwa simu. Mega nazinunua kama kila mtu, nazivuta usiku mtandao ukipata nguvu. NASA iliziweka picha hizo wazi tangu zilipoanza kufika, bila kumwuliza mtu cheti. Majina ya mafaili yanakwambia kamera: yanayoanza na N ni ya lenzi ndefu, yanayoanza na W ni ya lenzi pana. Basi unaingia, unachagua, unaanza kazi. Vile vidoa vyeupe nilivyodhani ni mchanga ni alama za chembe za mionzi ya anga zilizougonga ubao wa kamera wakati picha inanaswa. Siku hizi navifuta kimoja kimoja, isipokuwa nikijua kimojawapo ni nyota.

Zohali iko mbali na Jua mara tisa na nusu kuliko sisi, na mwanga unaoifikia ni kama sehemu moja ya mia ya mwanga wetu. Paneli zangu mbili za wati 100 kila moja, kule zingetoa kama wati mbili. Ndiyo sababu Cassini haikubeba sola. Ilibeba kilo 33 hivi za plutoniamu, na joto lake likageuzwa umeme. Picha ikishapigwa, ilisafiri kwa mawimbi ya redio saa moja na dakika ishirini hivi hadi kufika kwenye antena za Marekani, Hispania au Australia. Huwa nalikumbuka hilo mteja anapolalamika kwamba printa yangu ni ya polepole.

Sasa Enceladus. Huu ni mwezi mdogo, kipenyo chake kilomita 504 tu, mweupe kuliko shuka yangu. Kwa muda mrefu ulionekana kama mpira wa barafu usio na habari. Cassini ilipoupitia 2005, ala zake zilihisi kwamba kuna kitu kinatoka upande wa kusini, na mwezi wa Novemba mwaka huo kamera ikathibitisha: michirizi ya mvuke na chembe za barafu inaruka kutoka ardhini hadi mamia ya kilomita juu. Kila mpiga picha wa bonde la Ruzizi ataelewa kilichofanyika. Mwezi wa Julai, pikipiki ikipita barabarani jua likiwa mgongoni mwako, vumbi huoni. Geuka ulitazame jua linavyozama juu ya milima ya Mitumba, na vumbi lile lile litawaka kama dhahabu. Vitu vyepesi huonekana vikiwa kati yako na mwanga. Cassini ilipita nyuma ya Enceladus ikauweka mbele ya jua, na michirizi yote ikajitokeza. Wataalamu baadaye waliitambua zaidi ya mia moja.

Michirizi hiyo inatoka kwenye nyufa nne ndefu, kila moja kama kilomita 130, na chini ya barafu yake kuna bahari ya maji ya chumvi. Majina ya nyufa hizo ni Aleksandria, Kairo, Baghdad na Dameski. Mashimo ya mwezi huo nayo yamepewa majina ya Ali Baba, Aladini na Sindbad. Ndiyo, ni kutoka Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo wazee wengi wa pwani walizisoma kwa Kiswahili wakiwa skuli. Hata jina letu la sayari lenyewe, Zohali, tumelipata kwa Waarabu. Mzee mmoja wa Uvira, msomaji wa falaki, aliniambia kwamba Jumamosi ndiyo siku yake. Nilipomwonyesha Dameski juu ya barafu aliivuta kompyuta karibu na macho, akakaa nayo kimya kwa muda mrefu.

Watoto wa skuli nao wana majina yao. Mimas, mwezi wenye shimo moja kubwa la upana wa kilomita zaidi ya 130, wanauita Jicho. Hyperion, uliotoboka kotekote, ni Sega la Nyuki. Iapetus una upande mmoja mweusi kama makaa na mwingine mweupe, na katikati umezungukwa na tuta ambalo mahali pengine linafika urefu wa kilomita 20. Huo wanauita Mpira, kwa sababu ya mshono. Na Pan, kamwezi ka kilomita 28 hivi kanakopita katikati ya pete na kujizungushia ukingo mwembamba wa vumbi, kalikopigwa picha kwa karibu Machi 2017, wote walikubaliana: ni donge la bugali lililobanwa na sahani mbili. Sijawasahihisha.

Lakini nilichokusudia kuandika hasa ni usiku nilipokuta Kivu.

Titan imefunikwa na ukungu mzito kiasi kwamba kamera ya kawaida haioni chini. Ule ukungu ndio rangi ya mawese niliyoitaja. Cassini ilitumia rada, ikipiga mawimbi kwa antena yake ya mita 4 na kusikiliza yanavyorudi. Ardhi yenye mawe huyarudisha mawimbi, nayo huonekana yenye mwanga. Mahali palipo laini huyatupa kando, napo huonekana peusi. Julai 2006, karibu na ncha ya kaskazini ya Titan, rada ilionyesha madoa meusi mengi yenye kingo kama za fukwe. Yalikuwa maziwa. Hayakuwa ya maji, kwa sababu joto la huko ni nyuzi 179 chini ya sifuri na maji yamekuwa mwamba. Yana methani na ethani, gesi ambazo kwa baridi hiyo zimekuwa kimiminika. Kuna mawingu ya methani, kuna mvua ya methani ambayo hushuka taratibu kwa sababu uvutano wa Titan ni kama moja ya saba ya wetu, kuna mito inayochimba mabonde na kumwaga ziwani. Ukiacha Dunia yetu, hakuna mahali pengine palipojulikana penye mito na maziwa juu ya ardhi.

Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ndio unaotoa majina, na una kanuni zake: bahari za Titan hupewa majina ya mazimwi ya baharini katika hadithi, na maziwa yake hupewa majina ya maziwa ya Duniani. Nilikuwa nasoma orodha hiyo usiku, nikishuka taratibu kwa kidole. Ontario. Ladoga. Jingpo. Kisha nikaona: Kivu Lacus. Lacus ni Kilatini, maana yake ziwa. Nikamwamsha mama watoto. Aliangalia, akauliza, "Kivu hii hii? Ya Bukavu na Goma?" Nikamwambia hii hii. Akakaa kitandani, usingizi umemtoka.

Tukaendelea kusoma pamoja. Tukakuta Rwegura, lile bwawa la Burundi linaloendesha umeme, upande wa pili wa mto wetu. Tukakuta Rukwa ya Tanzania, tukakuta Mweru, ambayo Kongo inagawana na Zambia. Tanganyika hatukuiona. Mke wangu ni mtu wa Uvira, na hilo lilimwuma. Alinituma nirudie orodha mara mbili.

Naomba msomaji ashike jambo moja hapa. Mto Ruzizi unaopita bondeni kwetu, unaotutenga na Burundi, unatoka Kivu. Maji yanashuka karibu mita 700 kutoka Kivu hadi Tanganyika, mwendo wa kilomita mia na ushei, na mpunga wa bonde hili huyanywa. Kwa hiyo jina lile halikuwa geni kwangu hata kidogo. Halafu nikakumbuka jambo jingine, nikaona kama waliolichagua jina walijua, ingawa huenda lilikuwa bahati tu. Kivu yetu nayo ina methani. Katika vilindi vyake zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 60 za gesi hiyo, na ng'ambo, huko Karongi nchini Rwanda, kituo cha KivuWatt huivuta kutoka chini ya ziwa na kuzalisha megawati 26 za umeme. Hapa methani imefichwa ndani ya maji. Kule methani ndiyo maji yenyewe. Maziwa mawili, jina moja, gesi moja, na kati yao zaidi ya kilomita bilioni moja.

Kivu ya Titan si ndogo. Ina upana wa kilomita 77 hivi, karibu kabisa na ncha ya kaskazini. Na kuna picha yake ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote, ingawa mtu asiyejua ataipita. Tarehe 24 Julai 2012 Cassini ilikuwa inaipita Titan, na ikakaa mahali ambapo jua, ziwa na chombo vilielekeana kama mtu, kioo na taa. Jua likajipiga kwenye Kivu likarudi moja kwa moja machoni mwa chombo. Unaona mwezi wenye giza, na pembezoni mwake cheche moja kali. Mimi najua cheche ile. Asubuhi, jua likitoka juu ya milima ya Burundi, Tanganyika yote inakuwa kioo kisichotazamika. Maharusi wa Uvira siwasimamishi mbele ya ziwa kabla ya saa nne. Mwanga haujipigi hivyo kwenye mchanga wala kwenye majani. Unataka uso uliolala, uliotulia. Wataalamu waliutumia mng'ao huo kupima ukungu wa Titan, kwa kuangalia ni rangi zipi zimepungua njiani. Mimi niliutumia kumwonyesha kila aliyeingia kibandani kwamba kule mbali kuna ziwa, na siku ile lilikuwa shwari.

Mama mmoja anayeuza ndagala jirani yangu aliniuliza kama Kivu hiyo ina samaki. Nikamweleza baridi, nikamweleza methani. Akafikiri. Akasema, "Basi Papa Foto, nichapie moja niweke kwenye meza yangu. Watu wajue ziwa letu limefika wapi." Nilimchapia kwenye karatasi ya foto pasi, saizi nne kwa ukurasa, akazigawa.

Hapo nililazimika kumwambia jambo, na nalisema tena hapa kwa sababu naona linavurugwa. Picha ile ya mng'ao haikupigwa kwa mwanga unaoonwa na macho. Ilipigwa na ala ya infraredi, mwanga ambao macho yetu hayaupati lakini unapenya ukungu wa Titan. Rangi zake zimechaguliwa na watu ili tuweze kutofautisha. Huo si udanganyifu, mradi aliyeitengeneza aseme. Niliwahi kuuziwa bango la Zohali na miezi yake, rangi za zambarau na kijani, limechapwa vizuri, na nyuma hapakuandikwa lolote. Lilikuwa mchoro. Walionunua wote waliamini ni foto. Tangu hapo, chini ya kila picha ninayochapa naandika kwa kalamu: rangi za macho, au rangi za kuchaguliwa. Mteja wa harusi ana haki ya kuambiwa kama nimemng'arisha uso, na mtoto wa skuli ana haki hiyo hiyo juu ya mwezi.

Mimi mwenyewe nilikosea. Titan yangu ya kwanza, niliyojivunia, ilikuwa nyekundu kupita kiasi, kwa sababu niliitia rangi kwa mkono wa mtu wa harusi. Nilijua nilipoilinganisha na kazi za wengine. Wapo watu duniani kote wanaofanya haya kwa mapenzi tu, baada ya kazi zao za mchana: Björn Jónsson wa Iceland na Gordan Ugarkovic wa Kroatia ni wawili ambao kazi zao nimezikodolea macho kwa saa nyingi, nikitafuta walivyotuliza wekundu. Sijawahi kuonana nao. Lakini mtu akikaa na faili lile lile ulilokaa nalo wewe, akasogeza kingo zile zile, unamjua kidogo.

Na si mchezo wa pembeni. Tarehe 14 Januari 2005 chombo kidogo cha Ulaya, Huygens, kilichobebwa na Cassini, kilishuka kwa miamvuli hadi ardhini Titan kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Hadi leo hakuna chombo kilichotua mbali kuliko pale. Picha kama 350 zilifika, nyingine zote zikapotea kwa sababu njia moja ya redio haikufunguliwa. Zilipowekwa wazi usiku ule, watu wa kawaida walizishona pamoja wakapata milima na mifereji ya mito, kabla wataalamu hawajatoa za kwao. Picha moja inaonyesha ardhi yenyewe: vijiwe vya mviringo, laini, kama vya kwenye kingo za Ruzizi wakati wa kiangazi, ila hivi ni vya barafu na mbingu yake ni ya machungwa.

Machi 2025 miezi ya Zohali iliyotambuliwa ilifika 274. Mingi ni miamba midogo ambayo hakuna kamera iliyoikaribia. NASA inatayarisha chombo kingine, Dragonfly, chenye rotori nane kama helikopta, kilichopangwa kurushwa 2028 na kufika Titan 2034. Kitaruka kutoka mahali hadi mahali juu ya matuta ya mchanga mweusi. Nimeshamwambia binti yangu anitafutie kompyuta yenye nguvu zaidi kabla ya mwaka huo.

Nimalizie na picha ambayo ina Zohali lakini si ya mwezi wake wowote. Tarehe 19 Julai 2013 Cassini iliingia kwenye kivuli cha Zohali, ikaigeuzia kamera jua likiwa limefichwa nyuma ya sayari. Pete zote zikawaka, na chini yake, upande wa kulia, ikaonekana nukta moja ya bluu. Ni Dunia, kutoka umbali wa kilomita bilioni 1.44. Picha 141 za lenzi pana ziliunganishwa kutengeneza mandhari ile.

Mimi situpi kazi zangu. Diski zangu zimepangwa kwa tarehe. Nikafungua folda ya 19 Julai 2013. Ilikuwa Ijumaa. Nilipiga familia moja ya hapa Luvungi mbele ya nyumba yao, watu kumi na wawili, mama wa familia amekaa kitini na mjukuu mchanga mapajani, watoto wawili wamefumba macho kwa sababu ya vumbi. Nikazichapa zote mbili kwa saizi moja, ile ya kwao na ile ya Zohali, nikampelekea mama yule nyumbani. Mjukuu wa mapajani sasa anasoma.

Alizishika, moja kila mkono. Nikamweleza kwamba zilipigwa siku moja. Akatafuta kwenye ile ya pili, akauliza, "Sisi tuko wapi?" Nikachukua kalamu, nikaiweka ncha yake juu ya nukta ya bluu.

Akaushika mkono wangu akausogeza. "Ondoa kalamu, Papa. Umetufunika."